Babu alikuwa manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge, kwani kosa liko wapi?

Kazini kuna mzee mmoja wa hapahapa Middlesbrough, Uingereza, nikipangwa naye shifti moja basi ujue siku hiyo lazima lije daraja la Sydney. Ati lile daraja la Australia lililofunguliwa 1932 lilijengwa na kampuni ya hapa, Dorman Long, na chuma kingi kilitoka hapa. Nishalisikia mpaka limenitoka puani. Na si yeye peke yake, kinyozi analo, dereva teksi analo.

Mji wenyewe sasa, jamani! Kamji ka viwanda mdomoni mwa mto Tees, kaskazini mashariki ya Uingereza. Mwaka 1801 palikuwa na watu 25, yani hata jeneza mwabeba kwa zamu. Reli ikaja 1830, 1850 wakapata madini ya chuma kwenye vilima vya Eston, watu wakamiminika. Leo kiwanda cha chuma pale Redcar kimefungwa toka 2015, na daraja lao la hapa nyumbani, la 1911, wamelifunga 2019 na bado wanalichapa kwenye fulana. 2022 wameomba waitwe jiji, wakanyimwa.

Sisi Tanga ni jiji toka 2005. Haya, mgeni akija twamwambia nini? Waja leo waondoka leo. Mahaba. Majini. Basi. Kikosi cha Coastal Union kilichochukua ubingwa 1988 mwakitaja mpaka wa benchi, ila muulize mtu reli ya kwanza Tanzania bara ilianzia wapi atakwambia Dar! Ilianzia kwetu 1893, ya kati imeanza 1905.

Mwaka huohuo 1893 yule Mjerumani Hindorf kaagiza miche elfu ya mkonge toka Florida, iliyofika mizima 62. Sitini na mbili tu, na kutoka hiyo hiyo, nchi yetu ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge, miaka ya 60 twatoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka, mpaka kamba za plastiki zilipoingia sokoni tukaporomoka. Nani aliukata? Manamba. Watu wa Songea, Kigoma, Urundi, Msumbiji, fukua koo za Ngamiani, mtaani kwetu Tanga, uone wangapi babu yao aliletwa na mkonge. Lakini mwite mtu mjukuu wa manamba uone, atakutolea macho kama umemtukania mama. Huku Middlesbrough mtu babu yake kaungua tanurini, mapafu yamekwisha kwa moshi, na mjukuu anakuhadithia kifua mbele. Hicho ndo kinachoniuma, si barabara wala umeme.

Najua washaanza. "Kala viazi vya Wazungu sasa atudharau." Ndugu yangu, sidharau, naona wivu, na wivu nao ni ugonjwa lakini si dharau. Mwingine atasema hiyo historia ya mkoloni, reli ya kubebea mali yake. Sawa, kwani matajiri wa chuma hapa walikuwa masharifu? Walinyonya watu wao vilevile. Reli mimi simsifu Mjerumani, namsema aliyebeba taruma begani, huyo ni wa kwetu.

Na msiniambie tatizo makumbusho. Makumbusho ya Urithi ipo hapo Tanga, ndani ya boma la Wajerumani, mwaipita kila siku, nani kati yenu kaingia bila kusindikiza mgeni? Huku Uingereza 2021 walikuwa na mnara wa zege wa makaa ya mawe, mbaya, mweusi, kama meno ya mla tumbaku. Wakagombana mpaka ukatiwa kwenye orodha ya majengo ya kulindwa, akaja waziri mpya akautoa, ukalipuliwa. Walishindwa ila waligombana. Kiwanda chetu cha mbolea kilivyokufa nani alinyanyua sauti? Wazee walofanya kazi mle wako mabarazani, hawaulizwi kitu.

Sasa bomba la mafuta laja Chongoleani, hapo Tanga, kilomita 1,443 toka Hoima, Uganda, na picha nnazotumiwa ni za viongozi na koleo jipya linalong'aa. Vijana walochimba mtaro siwaoni, jamani wapigeni picha na majina yao yaandikwe.

Na nyie wa "rudi basi uandike mwenyewe", nimewasikia. Nauli mwatuma lini?