Tenofora Apewe Nafasi Yake

Tenofora amezoeleka kutajwa kama aina ya konyeza, kwa sababu tu wote wawili ni laini, wanapenyeza mwanga na huelea majini. Naona huko ni kumdhulumu mnyama ambaye angestahili kutangulia katika somo lolote la wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo.

Mtazame kwa karibu. Mwilini mwake zimepangwa safu nane za vitana, na kila kitana ni maelfu ya vinyweleo vilivyoshikamana, ambavyo hupiga maji kwa kufuatana na kumsukuma mbele. Hakuna mnyama mwingine mwenye umbo kubwa kama lake anayeogelea kwa vinyweleo. Mwanga ukivipiga vitana hivyo hutoa rangi za upinde wa mvua. Wala hachomi kama konyeza, kwani minyiri yake ina seli zenye gundi zinazonasa mawindo.

Kubwa zaidi ni ukoo wake. Vitabu vingi huanza na sponji, mnyama wa majini asiye na neva wala misuli, kisha hupanda kama ngazi hadi kwa wanyama changamano. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, uliolinganisha mpangilio wa jeni kwenye kromosomu, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, ulionyesha kuwa tenofora ndiye aliyetengana kwanza na wanyama wengine wote. Wapo wataalamu wanaoendelea kumtetea sponji, na mjadala huo ni halali. Lakini ikiwa tenofora, ambaye ana neva, ndiye wa kwanza, basi ama neva zilizuka mara mbili, ama sponji alikuwa nazo akazipoteza. Kwa vyovyote vile, ngazi ile haisimami, nami sioni sababu ya kuendelea kuwafundishia watoto wetu.

Anayemdharau aulize yaliyotokea Bahari Nyeusi. Mnamo miaka ya 1980, tenofora aitwaye Mnemiopsis leidyi, mwenyeji wa pwani za Atlantiki za Amerika, alifika huko ndani ya maji ya kusawazisha meli. Alikula planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, pamoja na mayai na makinda ya samaki, na kwa kuwa dagaa wa huko walikwisha kuvuliwa kupita kiasi, uvuvi wao uliporomoka. Nafuu ilikuja baada ya mwaka 1997, alipoonekana Beroe ovata, ambaye humla Mnemiopsis, naye pia ni tenofora.