Nguo tunaziulia kwa karai

Jumamosi nimechukua sweta yangu kwa dobi wa hapa mtaani, nikasimama nayo kwa ngazi nisijue niseme nini. Sufu tupu ile, bluu iliyoiva, nlirauka soko la mitumba la Gikomba alfajiri kungoja bale ifunguliwe ndio nipate kamera, yaani zile nguo nzuri za kuchaguliwa kwanza, na nimeivaa miaka 4. Sasa imekuwa ya mtoto, nzito na ngumu kama kipande cha blanketi. Dobi ananiambia "si nimeifua poa, na maji moto kabisa." Na alikuwa anasema ukweli.

Hapo ndipo tunapokosea watu wangu. Tumelelewa tukijua usafi ni nguvu, fikicha mpaka povu limwagike, kama vidole haviumi hujafua. Sufu ni nywele za kondoo, kila unywele una magamba madogo madogo, sasa ukitia maji moto halafu ufikiche yale magamba yanang'ang'aniana na sweta inajikunja, na ikishajikunja hivyo hairudi tena. Weka maji baridi, sabuni kidogo, bonyeza polepole kama unakanda mgongo wa mtoto, suuza, usisokote, viringisha ndani ya taulo ukamue maji, kisha ilaze ikauke. Ukiitundika ikiwa nzito na maji inavutika mpaka mikono inapita vidole. Na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isiiguse hata tone, klorini inakula sufu.

Jua nalo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, jua letu linachoma hata asubuhi ya baridi, halafu mtu anaanika jinzi nyeusi huko juu ya ploti kutwa nzima. Igeuze ndani nje, utafute kivuli.

Sawa, najua maji yakija mara moja kwa wiki na una yunifomu tatu za kufua, kila kitu kinaingia karai moja. Siwezi kubishana na hilo. Lakini ile nguo moja nzuri uliyoihangaikia, itolee beseni yake. Mamangu hafui koti lake kabla hajapitisha kidole kwa kila kifungo, kilicholegea anakishona hapo hapo akiwa amesimama, na hilo koti ni la kabla sijazaliwa.

Sweta nimempa mtoto wa jirani, itamfaa Julai. Nimekaa na mamake nikamwonyesha vile ya kuifua.