Tumeshinda, Wamefungwa

Mama wa nyumba anauliza: huo mpira unakulisha? Anauliza Jumapili, saa ya bukari, ugali wetu, mume ameshavaa jezi nyeusi na nyeupe ya timu yetu, TP Mazembe, na anatafuta kiatu kimoja. Haulishi, mama. Unakula. Unakula nauli ya uwanjani Kamalondo kwenda na kurudi, unakula tiketi, unakula karanga, na Jumatatu unamsalimia bosi kwa koo la chura. Faida ipo, ila sisi wanaume wa Lubumbashi tunaichimba shimo lisilo na shaba.

Tunaichimba kwenye ushindi. Panda taxi-bus kesho yake usikilize. Mazembe imeshinda: tumeshinda, tumewafunga, tumewanyoosha. Msemaji hajagusa mpira tangu shule ya msingi, goti lake linalia akipanda ngazi, lakini "tumefunga". Mazembe imepoteza: wamefungwa, wanakimbia kama wamebeba makaa, hawana kocha. Silabi moja tu: "tu" inageuka "wa", na mtu ameshajitoa kwenye deni.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, aliandika habari hiyo mwaka 1976. Timu ya chuo kikuu ikishinda Jumamosi, Jumatatu wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo. Walipopigiwa simu waeleze mechi, ushindi uliwavuta kusema "sisi" kuliko kichapo. Kazi yote ile! Angepanda taxi-bus ya Katuba angemaliza kwa nauli ya mtu mmoja. Lakini aliona jambo lingine ambalo sisi tunalificha: waliotoka kuambiwa wamefanya vibaya katika jaribio dogo ndio walioing'ang'ania "sisi" zaidi timu iliposhinda. Kwa hiyo jirani akipiga kelele za "tu" mpaka usiku wa manane, usigombane naye. Uliza kwanza kama mshahara wake umetoka.

Na mwili haujui kwamba wewe hukucheza. Brazili ilipoichapa Italia kwa penalti kwenye fainali ya 1994, watafiti waliwapima mate mashabiki waliotazama kwenye televisheni: homoni ya kiume ilipanda kwa wa Brazili, ikashuka kwa wa Italia. Wamekaa tu kwenye viti! Mwaka 2006, katika eneo la Munich, siku Ujerumani ilipocheza Kombe la Dunia dharura za moyo zilifika mara 2.66 ya siku za kawaida, na waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo ndio walioumia zaidi. Na kule hakuna delestaji, umeme kukatwa, dakika ya 85. Mzee mwenye presha ameze dawa zake kwa saa yake, aache sigara na chupa ya tatu, na penalti azisikilize kutoka uani. Si aibu.

Sasa faida yenyewe. Daniel Wann, wa Chuo Kikuu cha Murray State kule Kentucky, ameitafiti miaka mingi, na jibu lake linawaudhi wengi hapa mjini: aliyefungamana na timu ya nyumbani kwa kawaida ana upweke mdogo na anajithamini zaidi, hata kama timu hiyo haishindi sana. Kinachofanya kazi ni kuishi katikati ya watu wenye timu ileile. Shabiki wa timu ya mbali hapati hivyo kirahisi. Haya, wewe unayekaa peke yako na vitu masikioni ukiililia Madrid: Madrid haitakuja kwenye kilio kwenu. Kama nganda yenu, baa ya mtaani, inakusanya watu walewale kila wiki kwa ajili ya Madrid, hapo tunaweza kuongea.

Kipimo kipo. Wann na Nyla Branscombe walikitoa mwaka 1993: maswali saba, kila moja alama 1 hadi 8. Ushindi wa timu una uzito gani kwako, wewe unajionaje kama shabiki, marafiki wanakuonaje, unaifuatilia kiasi gani, ushabiki una maana gani kwako, unawachukia wapinzani kiasi gani, unaonyesha alama za timu mara ngapi nyumbani, kazini au mwilini. Jumla ni kati ya 7 na 56. Hapa swali la wapinzani linaharibu hesabu, maana ukitaja Lupopo, timu ya watu wa reli, mtu anaomba aandike 12.

Basi ushabiki ufanye sawasawa. Mahali palepale, watu walewale, fika nusu saa kabla, maana maneno ya kabla ya mechi ndiyo yenye dawa. Jenereta ndogo ya televisheni moja hunywa karibu nusu lita ya petroli kwa saa. Mechi na mapumziko ni saa mbili, yaani lita moja. Nunua moja na nusu, kwa sababu ya muda wa nyongeza, na kwa sababu muuzaji wa chupa hajawahi kujaza chupa. Watu kumi wachange kabla ya mpira kuanza. Bao la pili likiingia wavuni kwenu, hakuna atakayeona mfuko wake. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha: sumu ya moshi wake haina harufu.

Kamari iache mlangoni. Mwenye tiketi mfukoni hatazami Mazembe, anahesabu kona za timu ya Slovakia. Mko kumi, yeye yuko peke yake na karatasi.

Mkifungwa, rudini kwa miguu pamoja, simu mfukoni. Mtu atatoa 2010, lazima, kama nyama ya kukauka inayotunzwa kwa siku ya shida: Abu Dhabi, Kombe la Dunia la vilabu, Internacional ya Brazili amelala 2-0, kipa wetu Kidiaba anarukaruka kwa makalio uwanjani. Siku nne baadaye Inter Milan ilitupiga 3-0. Ilitupiga. "Tulicheza fainali ya dunia," ndivyo kila mtu anavyosema mpaka leo, na mabao matatu yote yamo ndani ya hiyo "tu".

Na kile kiatu kingine? Tazama chini ya kitanda, upande wa mama wa nyumba. Baba yake alikuwa mtu wa reli.