Kilaza kalitoa wapi?
Nimesoma makala moja kuhusu watoto kujidharau, mwandishi kasema kweli kwamba wanajidharau kwa sababu ya midomo yetu sisi wazazi, ila kasahau ile ripoti ya shule. NECTA, lile baraza la mitihani la Tanzania, toka Januari 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kitaifa, sawa, lakini huku mtaani namba aliyoshika darasani bado ndo jina la mtoto. Binti yangu yuko la nne, juzi kaja na ripoti kawa wa 61 kati ya 94, kabla sijafungua mdomo akaniambia "mama mi kilaza tu", jamani niliishiwa nguvu. Neno kilaza kalitoa wapi? Kwa mjomba wake, kila akija ndo anavomtania, eti utani! Na bibi nae anamwita "kaeusi kangu" alafu dadake mweupe ndo mrembo, sasa unategemea nini hapo. Siku hizi ripoti naiweka pembeni kwanza namuuliza kipi kilikushinda, kumbe ni hesabu za sehemu, tukakata chapati vipande vinne mezani akaelewa fasta. Mjomba nimempiga stop na lile neno lake, kanuna, na anune tu.