Ile Picha Yangu Ndani ya Gari la Mbwa

Sawa. Kwa kuwa shoga yangu ameshaitawanya picha kuanzia Mtwapa hadi Likoni, na kwake yeye ati "nilikamatwa na watu wa mbwa", wacha nisimulie mwenyewe. Sikukamatwa. Niliingia kwa miguu yangu. Haya, kwa magoti.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua safari yangu na mbwa wa makao ya wanyama. Nilitaka kumchukua mmoja awe wangu kabisa, ila nikaogopa, maana mbwa si blauzi ya sokoni Kongowea kwamba ikikubana unampa mdogo wako. Nikaambiwa nilee kwanza kwa muda: unakaa naye wiki kadhaa, chanjo na kuhasiwa ni juu yao, ukishindwa unamrudisha bila kununiana. Wa kwanza alikuwa ajuza asiye na meno ya mbele. Alilala siku kumi na tatu, ya kumi na nne akaamka kukojolea mkeka wa mama mkwe. Wakaja watoto wawili, Mbaazi na Mahamri, wakapata kwao Kilifi, nikalia kama aliyefiwa.

Wa nne ndiye Jemadari. Jina nilimpa kabla sijamjua. Umbo la mbwa wa polisi, roho ya kifaranga. Anaogopa tuktuk, anaogopa mwamvuli, na jogoo wa mlinzi wetu ndiyo usiseme. Siku za mwanzo alihamia uvunguni mwa kitanda, nikawa namsukumia wali kwa mwiko kama mahabusu. Kwetu Kaloleni mbwa alilala kwenye majivu ya jikoni na hakuna aliyemuuliza anajisikiaje, lakini hawa wa makao walinionya: siku tatu za hofu, wiki tatu za kuzoea, miezi mitatu ndipo ajue hapa ni kwake. Basi wiki ya tatu nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi, nikahisi kitu juu ya mguu. Kidevu. Kajilaza, chicha inamdondokea puani, wala hapangusi. Nikapiga simu siku hiyo hiyo: huyu haendi popote.

Afisa wa makao akaja Ijumaa kukagua. Ua una matundu? Maji ya kunywa yako wapi? Analala wapi? Mimi nimevaa dera jipya, uwanja nimeufagia mpaka mchanga una mistari. Nikamkaribisha juisi ya ukwaju, glasi tatu (ukwaju huu kumbukeni, una kazi yake mbele), huku najisifu: "Huyu hawezi kukaa bila mimi. Nikiingia chooni tu, analia mlangoni."

Jemadari akainuka. Akapita katikati yetu. Akatoka getini, akaruka nyuma ya pikapu lao, akaingia kwenye kizimba cha chuma kilichokuwa wazi, akaketi. Aliketi, jamani, kama abiria aliyeshalipa nauli anangoja makanga apige bodi. Hata kunitazama hakunitazama.

Afisa akasema, "Mmh." Akaandika kitu. Kisha ukwaju ukamwita, akauliza choo kiko upande gani.

Nikabaki mimi na msaliti wangu. Nikaita. Nikabembeleza. Nikakimbia jikoni, nikaja na kipande cha ini. Akageuza uso. Nikaona bwana yule akitoka chooni amkute humu, nimekwisha. Nikalikunja dera mpaka magotini, nikapanda.

Kile kizimba kilipimiwa mbwa. Kichwa kikaingia, mabega yakaingia, kufika kwenye nyonga mambo yakagoma. Nikatoa pumzi yote niliyozaliwa nayo, nikajisukuma, nikaingia mzima. Mkono wa kushoto ini, wa kulia nimeushika ukosi wake. Nimempata! Na wakati huo huo, jogoo wa mlinzi akaruka akatua juu ya kizimba, akawika.

Jemadari alinikanyaga tumbo, akanikanyaga bega, akanikanyaga kisogo, akatoka mbio kuelekea ndani. Mguu wake wa nyuma ukausukuma mlango. Niliuona ukija, wallahi, polepole, unalia kwenye bawaba, nami nimekunjika hata mkono wa kuuzuia sina. Komeo likaanguka kwa nje. Kla.

Wewe unayecheka huko, nakuona.

Akatokea jirani yangu, bi mkubwa, na buibui lake, anakwenda hitimani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba." Akaangaza huku na huku. "Uko wapi, mwanangu?"

"Humu."

Akainama, akanitazama kwa muda. "Kwani umefanya nini?"

Nikamwomba anifungulie. Akalisogelea komeo, akaliona linavyong'aa. Jemadari alipopanda alilipitishia ulimi. "Hayo mate ya mbwa. Na mimi nishatia udhu. Nikaoshe mkono mara saba, mojawapo kwa mchanga, na hitima saa kumi?" Hana ubaya hata kidogo. Huyu ndiye ananiletea viazi karai, sahani anaiacha juu ya ukuta, mbwa asiifikie. Akasema ningoje. Kana kwamba nilikuwa na pa kwenda.

Ndipo ikasimama tuktuk, akashuka shoga yangu. Nikasema alhamdulillahi, mkombozi huyo. Mkombozi akatoa simu. "Tazama huku!" Na mimi, mjinga, nikatazama. Nikatabasamu! Ndiyo maana mnaniona nimeshika nondo na kipande cha ini, meno yote nje, kama niko studio.

Bi mkubwa akarudi na fagio la mpini mrefu. Akalidunga komeo, likapanda, likaanguka. Akasoma bismillahi, akalidunga tena, likaanguka. Kufika mara ya nne tuktuk zilikuwa tatu. Lilipokubali nikashuka kinyumenyume, makalio mbele ya mtaa mzima, dera limenasa kwenye bawaba likabaki nusu, na nikigeuka, afisa huyo anapangusa mikono.

"Mbwa yuko wapi?"

Alikuwa kitandani, kichwa kwenye mto wangu. Bwana akaandika, nikachungulia: "Amezoea nyumba." Nikatia saini hapo hapo na dera langu nusu. Kadi ya chanjo ya kichaa ninayo, ni ya kila mwaka, msianze.

Shoga yangu hatuongei mpaka anitumie picha zile nyingine ambazo mdomo umefungwa. Na yule jogoo, nilimfuata mlinzi jioni ile na pesa mkononi. Hauzwi.