Mlango Ulioniita Buzi

Mimi na funguo hatukuwahi kupatana. Tangu tuhamie Sakina, hapa Arusha, nimepoteza funguo saba za mlango wa mbele. Mmoja niliuacha kwenye daladala, mwingine sokoni Kilombero nikichagua viazi, na mmoja nadhani ulizikwa kabisa, kwa sababu mara ya mwisho kuukumbuka mfukoni nilikuwa makaburini nimeinama na koleo. Fundi anayenichongea funguo mjini alifika mahali akawa haniulizi shida yangu. Akiniona tu navuka barabara, anawasha mashine. Mwishowe akachonga nakala moja ya akiba akaitundika kibandani kwake, ili nisimsumbue kumletea wa kuigizia.

Nikamsimulia mke wangu, nikidhani atafurahia huduma bora kwa wateja.

"Yaani kuna mwanamume mjini ana ufunguo wa nyumba yangu," akasema, "na aliyempa ni wewe."

Wiki ile ile nikanunua kitasa cha kidole. Shilingi laki mbili na nusu, cheusi, kinang'aa, kina vibonyezo vya namba na kidirisha cha kusoma alama za kidole. Muuzaji alinimaliza kwa sentensi moja: "Ufunguo utakuwa umeota mwilini, bosi. Utaupoteza vipi?"

Fundi alikuja kukifunga mwezi Aprili. Mlango wetu ni wa mninga, na mninga haupendi kuguswa. Alipiga patasi kutwa nzima akipanua tundu la kitasa cha zamani, sebule ikajaa vumbi jekundu mpaka mtoto akawa anapiga chafya za rangi. Jioni kikafungika, nikaweka kidole gumba, kikalia "tiii", kikafunguka, kikasema neno. Tatizo ni kwamba kilisema Kichina. Kitabu cha maelezo nacho Kichina, ila kina picha.

"Lugha tutabadilisha baadaye," fundi akasema akikusanya vyombo vyake. Mnaojua mafundi mnajua hiyo baadaye ni mwaka gani.

Namba ya siri alichagua mke wangu: tarehe ya harusi yetu. Alisema hiyo hakuna mtu mwenye akili atakayeisahau. Mimi nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa na haja nayo, nilikuwa na kidole.

Miezi miwili nilitamba. Majirani walikuja kuangalia. Nilikuwa nikitoka bafuni kwenda kuangalia mbuzi wa jirani bila sababu, ili tu nirudi nifungue mlango wangu kwa kidole mbele za watu. Kila ukifunguka, unasema kaneno kake kafupi ka Kichina, na sisi tunaitikia "asante", kwa sababu tumelelewa vizuri.

Mwanzoni mwa Juni mlango ukaanza kuwa na maneno mengi. Badala ya lile neno fupi, ukawa unatoa sentensi nzima, kwa sauti ya dada mpole wa uwanja wa ndege. Junior, mwanangu wa miaka sita, ndiye aliyeisikiliza kwa makini.

"Baba, mlango umesema 'buzu'."

Tukausikiliza tena. Kweli, katikati pale kulikuwa na kitu kama "buzu", na mwishoni kitu kama "dyenchi". Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. "Si buzu, anasema buzi. Amekuona ulivyotoa laki mbili na nusu, amejua amepata buzi la kuchuna." Kuanzia siku hiyo ikawa salamu ya nyumba. Narudi kazini, mlango unaniita buzi, nami nauambia asante. Wiki mbili nzima.

Likizo ya Juni mke wangu akachukua watoto kwenda kwa dada yangu Dodoma. Jumapili yake nikaenda stendi kumpokea mama mkwe kutoka Marangu, anakuja kliniki ya macho Jumatatu. Alikuja na mkungu wa ndizi, kiroba cha magimbi, dumu la maziwa, na jogoo aliyefungwa miguu. Baridi ya Juni mnaijua, Meru haionekani, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Tukafika mlangoni, nikatua mzigo, nikapangusa kidole gumba kwenye shati kwa madaha, nikaweka.

Kimya. Hakikuwaka taa, hakikulia, hakikuniita buzi.

Nikaweka tena. Nikaweka cha pili, cha tatu, vyote vya mkono wa kulia. Mama mkwe amesimama nyuma yangu na jogoo kwapani.

"Baba Junior, haufunguki?"

"Unafunguka, mama. Unasoma kwanza."

"Unasoma nini?"

"Kidole."

Akasogea, akakishika kidole changu, akakigeuza. Macho yenyewe ndiyo hayo yaliyomleta kliniki. "Kimeandikwa nini?"

Nikampigia fundi. Yuko Karatu, ana kazi ya lodji.

"Betri hizo zimekata, bosi."

"Ulisema zinafika mwaka!"

"Mwaka ni alkalaini. Wewe uliweka zipi?"

Hapo nikakohoa. Zinaingia nne, zile ndogo za rimoti, na siku ile fundi alinituma nikanunue. Nilikuta za alkalaini na nikakuta za redio, nne kwa buku, na roho ya kubana matumizi ikanijia wakati ambao haikutakiwa. Na baridi ile nayo ilikuwa imezimalizia nguvu.

"Si tatizo," fundi akasema. "Kuna ufunguo wa dharura. Ukibandua kifuniko cha chini utaona tundu lake. Uko wapi?"

Nikachungulia dirishani. Kupitia nondo niliuona kabatini, umelala ndani ya bakuli la vyombo vya wageni, umetulia, unang'aa. Mlango wa nyuma una komeo kwa ndani. Betri mpya dukani zimejaa, ila pa kuziweka ni upande wa ndani wa mlango. Nyumba yangu ilikuwa salama kuliko benki.

"Basi chini ya kitasa utaona vichuma viwili," fundi akaendelea. "Tafuta betri ya mraba, ya volti 9, gusisha hapo. Kitafufuka, weka kidole, fungua."

Nilizunguka maduka manne ya Sakina. Betri za tochi zipo, za redio zipo, za mraba hakuna. Mjini maduka ya vifaa vya umeme yamefungwa, Jumapili. Muuza duka wa nne ndiye aliyeniokoa na kuniponza kwa pamoja. "Hizo ni za maikrofoni," akasema. "Huwezi kukosa kwa MC."

Na MC alikuwepo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na sherehe ya kipaimara, turubai mbili, viti vyenye vitambaa vya zambarau, muziki unatetemesha madirisha tangu saa nane. Kadi ya mwaliko nilipewa. Mchango sikutoa. Hilo nilisema kwa haraka na ningeshukuru tusilirudie.

Nikapita pembeni ya turubai nimeinama, kama mtu anayeenda chooni, nikamnong'oneza MC shida yangu. MC yeyote aliyefundwa angeninong'oneza jibu. Huyu alinyanyua kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! Nina jirani yenu hapa, amefungiwa nje. Hakufungiwa na mke, jamani, tusimsingizie. Amefungiwa na MLANGO!"

Turubai zote mbili zikalipuka.

"Anaomba betri ya maiki yangu. Maiki ya pili imeharibika, kwa hiyo akiichukua hii, mimi ni bubu. Mnasemaje, tumpe?"

"Acheze kwanza!" sauti ya mwanamke. Naijua ile sauti, ni mweka hazina wa kamati ya michango.

Wakati huo ndafu ndiyo ilikuwa inaingia, yule mbuzi mzima aliyechomwa vizuri, amepiga magoti juu ya sinia, majani mdomoni, kavalishwa na taji. Wakaniweka ubavuni mwake. DJ akafungulia. Nilicheza kutoka geti mpaka meza kuu, mkono kiunoni, simu zimenizunguka pande zote. Mtoto wa kipaimara akanilisha kipande cha ndafu. MC akafungua tako la maiki, akachomoa betri, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akageuka kuwatangazia wageni jambo, akafungua mdomo, akakumbuka.

Kumbe sherehe bila MC haina kazi. Kundi kama la watu ishirini wakanifuata mlangoni kuona mwisho wake. Mama mkwe nikamkuta amekalia ndoo, jogoo mapajani, tayari wameshazoeana.

Kijana mmoja akagusisha betri kwenye vile vichuma. Hakuna. Akaigeuza. Taa za bluu zikawaka, watu wakapiga vigelegele, nami nikaweka kidole gumba.

Kikakataa. Kidole kilikuwa kimejaa mafuta ya ndafu. Nikapangusa, nikarudia, kikakataa tena.

"Bonyeza namba ya siri," wakasema.

Namba ya siri. Tarehe ya harusi. Ilikuwa Septemba, hilo nilikuwa na hakika nalo, na ilikuwa Jumamosi. Nikabonyeza 190915. Kitasa kikatoa mlio wa kununa. Kundi likaguna. Nikajaribu 050915. Kikanuna tena.

"Unabonyeza nini?" mama mkwe akauliza nyuma yangu.

Nilitamani jogoo aniparue nipate udhuru. "Tarehe ya harusi, mama."

Ukimya ulioshuka pale, hata muziki kule turubaini niliusikia umepungua.

"Tarehe kumi na mbili," akasema polepole. "Siku ile mvua ilinyesha. Nilikuwa nimevaa kitenge cha kijani. Nilikukabidhi mtoto wangu saa nane na nusu."

Nikabonyeza 120915, nikamalizia na alama ya reli. Mlango ukafunguka. Na kwa sauti ile ile ya upole, mbele ya watu wote, ukatoa sentensi yake, buzu katikati na dyenchi mwishoni.

"Asante," nikasema. Mazoea.

Katikati ya kundi mzee mmoja akaanza kucheka. Alishapika kambini kwa Wachina wa barabara miaka minne, Kichina cha jikoni anacho. "Unajua umeambiwa nini?" akaniuliza. "Chaji haitoshi. Tafadhali badilisha betri."

"Umeanza kusema leo?" mama mkwe akauliza.

Sikujibu. Nikajifanya nina haraka ya mizigo. Nikamshukuru kijana, akakimbia na betri kumrudishia MC sauti yake. Nikainama kubeba mkungu wa ndizi, mama mkwe akajishika kiuno kuinuka kwenye ndoo, na ule upepo wa baridi unaoshuka kutoka mlimani ukapita uani taratibu, ukaufika mlango wangu wa mninga, ukausukuma.

Pwa.

Nilibaki nimeshika mkungu. Watu ishirini walinitazama kisha wakautazama mlango. Kule turubaini spika zikakoroma, maiki ikapata uhai, na MC aliyekaa kimya robo saa nzima akavuta pumzi ndefu. Tulimsikia wote: "Haloo, haloo, mabibi na mabwana, nimerudi!"

"Mrudie," mama mkwe akasema. Lakini hakukaa tena kwenye ndoo. Alinikabidhi jogoo, akajitanda khanga vizuri, akaniongoza yeye mwenyewe mpaka kwenye sherehe. Walimpokea kwa vigelegele na kumketisha meza ya pili, karibu na ndafu, akaletewa sahani. Mimi nilicheza mara ya pili, sasa na jogoo, na kabla ya kupewa betri nililipa mchango wangu wote mbele ya mweka hazina, ambaye alihesabu noti kwenye maiki.

Nilipofungua safari hiyo niliweka ndoo mlangoni, nikaweka na magimbi juu ya ndoo, ndipo nikaingia kutafuta betri. Rimoti ya TV ilitoa mbili, gari la Junior likatoa mbili. Nikarudi kumwita mama mkwe aje apumzike, akaniambia nitangulie tu, bado hawajakata keki.

Saa nne usiku mke wangu akapiga kutoka Dodoma. Alikuwa na sauti tulivu sana.

"Mama amefika?"

"Amefika salama. Anakula."

"Na mlango?"

"Mlango hauna shida."

"Sawa." Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilimsikia Junior akichekea kwenye mto. "Nauliza tu, maana kuna video imewekwa kwenye grupu la mtaa. Hilo buzi linalocheza pembeni ya ndafu, ni la nani?"