Hongera, Umefuga Mlimao

Mchungwa wetu ulianza kuumwa upande wa ukutani. Mishipa ya majani iligeuka njano ilhali nyama ya jani bado ina ukijani, matawi ya juu yakaanza kukauka ncha. Nikajisemea, njaa hiyo. Nilikuwa nimeisoma dalili kinyumenyume: jani lenye upungufu wa chuma au zinki hubaki na mishipa ya kijani, nyama yake ndiyo inayokuwa njano. Mishipa ikitangulia kuwa njano, kagua shina na mizizi kwanza. Chakula kimekwama njiani.

Mimi nikamwaga samadi ya mbuzi ndoo mbili. Sikuitandaza chini ya kivuli cha majani, ambako ndiko iliko mizizi inayokula. Niliilundika kwenye shina, ikalikumbatia kama blanketi, kisha nikawa namwagilia kila jioni. Baada ya miezi miwili shina likaanza kuchuruzika gundi ya rangi ya asali. Mtoto akasema mti unalia. Nikamwambia hapana, umeshiba.

Kisha muujiza ukatokea. Kutoka kwenye lundo lile likachomoza chipukizi moja nene, lina miiba, ncha yake ina wekundu wa zambarau. Mwezi mmoja likanifika kiunoni, mwezi wa tatu likanipita kimo. Nikaiita familia nzima tukalipigia makofi. Na kwa kuwa matawi ya zamani yalikuwa yakilinyima jua, nikachukua msumeno nikayakata, nikabakiza moja tu kwa heshima ya uzee wake.

Jirani yetu mzee, ambaye miaka mingi alikuwa akibebesha miche, yaani kuunganisha mti mmoja juu ya shina la mwingine, kule Muheza, Tanga, akapita.

"Shikamoo, mzee. Njoo uone mchungwa ulivyofufuka."

"Marahaba." Akachuma jani la chipukizi, akalifikicha, akanisogezea puani. "Nusa."

Limao tupu.

"Hongera mwanangu, umefuga mlimao. Mchungwa ndio ule uliokata."

Miche mingi ya michungwa inayouzwa huku hubebeshwa juu ya shina la mlimao, na chochote kinachochipua chini ya kovu la kubebeshea ni limao. Miiba peke yake haitoshi kukushtua, maana hata mchungwa mchanga wenye nguvu hutoa miiba. Angalia chipukizi limetokea wapi. Mimi ningeangalia vipi, na kovu nimelizika kwa mavi ya mbuzi?

Mzee akafukua kwa mikono, maana jembe huchubua gome, mpaka mizizi mikubwa ikaonekana inapoanzia. Kovu linatakiwa liwe juu ya ardhi angalau kiganja kimoja. Langu lilikuwa chini kwa kiganja. Gome la mchungwa likikaa kwenye unyevunyevu huozeshwa na vimelea vya udongoni, ndipo gundi inapotoka. Akakwangua gome bovu hadi akafikia lililo hai. Uozo ulikuwa umezunguka robo tatu ya shina. Ukipita nusu, dawa ya kupaka ni kumpaka maiti wanja, lakini tulipaka, kwa sababu tulihitaji lile tawi moja liishi wiki chache, litupe macho, yaani vichipukizi vilivyolala, ya kubebesha.

Dawa yenyewe ni mrututu (ule unga wa bluu wenye shaba) gramu 100, chokaa gramu 100, maji lita moja. Mrututu unauyeyusha peke yake, chokaa unaikoroga peke yake, halafu unachanganya upate uji wa kupaka kwa brashi. Chombo kiwe cha plastiki. Hilo la plastiki mzee alilisema nikiwa nimeshauyeyusha mrututu kwenye sufuria ya pilau ya mama watoto, kwa maji ya kisima chetu yenye chumvi. Shaba huila alumini, na chumvi huharakisha kazi. Sufuria ikatoka na madoa mekundu na vitundu vitatu. Sitaeleza chakula cha jioni hiyo.

Chipukizi hatukuling'oa, maana mizizi yake ilikuwa mizima na shina lake limeshafika unene wa penseli. Tukalibebesha. Unachana gome kwa umbo la T, sentimita 30 kutoka ardhini, unachomeka jicho lililokatwa kwenye tawi la chungwa, unafunga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu ili maji ya mvua yasiingie. Mzee akaweka macho mawili. La tatu akaniachia mimi nijifunze.

Siku ya 21 tukafungua. Ya mzee yalikuwa ya kijani, yameshika. Langu nalo limeshika! Tukainamisha ncha ya mlimao ili yaamke. Ya mzee yakachipua yakielekea juu, kama inavyostahili. Langu nilikuwa nimelichomeka kichwa chini: limechipua likielekea ardhini, limekwenda kama vidole vinne, ndipo likapinda kona kutafuta mbingu. Mgeni akija, mama watoto huanza kwa kumwonyesha hilo, kisha sufuria.